Kanisa la zamani la parokia huko kwa kina kuka, mtu anaingia tu ama kuna utaratibu?

Wa_Langalanga

Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa Nakuru kuzaliwa na kukulia, nyumbani huwa naenda mazishi na Disemba kama wengi wetu huku, sasa mwezi wa nane shule zikifunga nataka kupeleka mamangu na watoto upande wa Kakamega na safari hii hakuna maiti tunasindikiza, ni kutembea tu. Pale kijijini kuna kanisa la parokia la matofali mekundu, lina mnara mfupi upande mmoja na makaburi ya mapadre wazungu nyuma, lilijengwa na wamisheni kabla babangu hajazaliwa. Kuka wangu, yaani babu mzaa baba, Mungu amrehemu, alibatizwa na hao wamisheni na akafungia ndoa hapo, hivo ndivyo tumeskia siku zote.

Shida ni kwamba ndani nimeingia wakati wa misa za wafu tu, na misa ya wafu huwezi anza kutazama madirisha na dari, uko na jeneza mbele yako na shangazi analia kwa bega lako.

Sasa nauliza. Mtu anaweza kuenda siku ya kawaida akabisha ofisini akaomba kuonyeshwa ndani, ama wataniona mwizi wa kengele? Ni kweli parokia huweka vitabu vya ubatizo vya miaka ya 20 na 30 na naweza onyeshwa jina la kuka? Mama anataka kujua tarehe ya ndoa yao, juu kila ndugu ya marehemu baba anataja mwaka wake na kila mmoja anaapa. Na tukitoka huku kwa gari dogo, kuna makanisa mengine ya zamani ya kuangalia njiani? Moja ama mawili lakini, sio ziara ya makanisa kumi, watoto watanikana.

Omusomi_Shinyalu

Mulembe sana ndugu. Hakuna mtu atakuona mwizi, lakini usianzie kanisani, anzia ofisi ya parokia. Kanisa lenyewe mara nyingi siku za kazi linafungwa misa ya asubuhi ikiisha, na funguo ziko kwa katekista ama kwa masista, na mtu mwenye ataamua ufunguliwe ama la ni katibu wa parokia, sio paroko. Msalimie huyo vizuri. Nimeona watu wanaingia na gari hadi mlangoni wakiuliza padre ako wapi, wakapitisha katibu hapo kwa kiti bila hata habari yako, wakaambiwa padre ametoka na kweli ametoka, na kitabu kiko kwa kabati nyuma ya huyo huyo mama wamepita.

Sasa kuhusu kitabu. Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba parokia mwenye iko kijijini kwenu leo inawezekana haikuwa parokia wakati kuka anabatizwa. Ilikuwa kigango tu, yaani kituo kidogo kisicho na padre wake, na jina lake liliandikwa kwa misheni mama. Huku kwetu Wakatoliki waliletwa na mapadre wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka wa 1866, na walifika wakitokea Uganda, sio Nairobi, juu hadi Aprili 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda na hata mpaka ulipohamishwa mapadre waliendelea kuwa chini ya askofu mwenye kiti chake kiko Nsambya, Kampala. Walifungua Kisumu 1903, Mumias 1904, Mukumu 1906. Kavirondo, jina la zamani la huku Nyanza na Western, ikakatwa ikawa na mkuu wake wa kanisa 1925, Kisumu ikawa jimbo 1953, Kakamega ikakuja kujitegemea 1978. Kwa hivo kama kuka alibatizwa tuseme 1924 na kanisa lenu la matofali likapata paroko wake baadaye, utafungua kitabu cha kwanza cha kijijini utoke na huzuni bure, na jina liko Mukumu ama Mumias limekaa salama. Uliza swali moja tu kwanza, hii parokia ilizaliwa kutoka parokia gani na mwaka gani.

Kitu cha pili ndicho mama atakipenda. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki hakifuati mtu. Ukibatizwa Mukumu unabaki Mukumu hata uhamie Mombasa, lakini kila sakramenti kubwa unayopata baadaye lazima ripoti irudishwe pale na iandikwe pembeni ya mstari wako, kipaimara, ndoa, hata upadre. Ndio maana ukitaka kuoa unaambiwa ulete cheti kipya cha ubatizo na sio kile cha zamani umelaminisha, wanataka kuona pembeni kumeandikwa nini tangu hapo. Kwa hivo tarehe ya ndoa ya kuka unaweza kuipata mahali pawili, kwa kitabu cha ndoa cha kanisa alilofungia, na pembeni ya ubatizo wake. Zikitofautiana sasa mama ataamua ndugu gani ya marehemu alikuwa anaapa uongo.

Mimi nilionyeshwa wa kukhu wangu, yaani nyanya. Ni kitabu kirefu cha jalada gumu, mgongo umeshikwa na gundi ya plasta ya hospitali, na ndani kumepigwa mistari kwa rula. Maandishi ni Kilatini, wino umegeuka rangi ya chai. Jina, baba, mama, msimamizi wa ubatizo, padre. Pembeni ya jina la kukhu kwa wino mwingine na mwandiko mwingine kulikuwa na jina la mumewe na siku ya ndoa, na mstari wa chini yake ulikuwa wa mtoto mwenye hakuwa na kitu pembeni isipokuwa msalaba mdogo, yaani alikufa. Ukurasa mzima ukiutazama unahesabu hiyo misalaba.

Usitafute jina kwa spelingi ya kitambulisho. Aloisi ataandikwa Aloysius, Yohana ni Joannes, Yosefu ni Josephus. Jina la kienyeji nalo liliandikwa venye sikio la padre lilisikia siku hio, na wengi wao walikuwa Waholanzi. Tafuta kwa jina la ubatizo na jina la baba pamoja, halafu panua miaka, usishikilie mmoja. Kama unajua msimamizi wa ubatizo wake ni nani umemaliza kazi.

fundi_wa_Luanda

Nakuongezea upande wa nyumba yenyewe maana watu wakiingia kanisa la zamani wanatazama sanamu na kutoka. Mimi ni fundi wa matofali, nimefanya marekebisho kwa makanisa ya aina hio zaidi ya moja na nitakwambia pa kutazama.

Anza nje, chini kabisa. Hayo matofali yalichomwa hapo hapo, shimo la udongo huwa halipo mbali, uliza wazee watakuonyesha, siku hizi ni bwawa la kambare ama shamba la nduma. Tofali la kuchomwa kwa tanuru la kuni haliivi sawa, la katikati linakuwa gumu jekundu na la pembeni linabaki laini la rangi ya machungwa, na mafundi wa zamani walijua, yale magumu waliweka kona na chini, laini wakaweka juu mahali mvua haifiki. Weka watoto watafute alama za vidole. Zipo, mtu alishika tofali bichi akaacha vidole vinne, na ukibahatika unapata hata kwato la mbuzi mwenye alipita juu yake likianikwa.

Halafu tazama ukuta kuanzia ardhini hadi kama kimo cha goti. Ukiona rangi imevimba na kuna unga mweupe wa chumvi ujue kuna mtu alipiga plasta ya simiti. Hapa ndipo damu yangu huchemka. Hizi nyumba hazikuwekwa kizuizi cha unyevu kwa msingi, maji hupanda kutoka chini kila masika, na zamani haikuwa shida kwa sababu katikati ya tofali na tofali kulikuwa na chokaa ama udongo, na juu plasta ya chokaa, maji yanapanda yanatoka yanakauka. Sasa kamati ya maendeleo inakusanya pesa, inapiga simiti ngumu na rangi ya mafuta ati kanisa lipendeze kwa jubilei. Maji yakikosa pa kutokea yanabaki ndani ya tofali, lile tofali laini linaoza nyuma ya plasta, na wewe nje unaona kunang'aa. Gonga na kifundo cha kidole, likilia wazi wazi kama debe tupu jua nyuma hakuna tofali, kuna vumbi. Dawa yake sio plasta nyingine, ni kubandua simiti, kuacha ukuta upumue hadi ukauke, kutengeneza gata na mfereji maji ya paa yaende mbali, halafu kurudisha chokaa. Ni kazi ya polepole na haina ufunguzi na utepe kwa hivo hakuna mtu wa harambee anaipenda.

Ukiingia ndani inua kichwa. Kama bado kuna mbao za zamani, nyingi ni mvule, mchwa wameijaribu wakaenda kutafuta nyumba ingine. Angalia pia mahali altare ilikuwa. Kabla ya mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 padre alisoma misa akiwapa watu mgongo, kwa hivo altare ilijengwa imebanana na ukuta wa mwisho, na makanisa mengi yakaja kuwekewa meza ingine mbele ili padre awatazame. Penye ile ya zamani haikubomolewa utaona zote mbili, mara nyingi tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhi Ekaristi, imebaki kwa ile ya nyuma. Penye walibomoa utaona sakafu ina kiraka cha rangi tofauti.

Kijana_wa_Milimani

Samahani lakini mimi sielewi hii mapenzi ya majengo ya wakoloni. Hao watu walikuja na Biblia mkono mmoja, kodi ya kichwa mkono wa pili, leo tunapeleka watoto wakashangae matofali yenye babu zetu walibebeshwa bure. Peleka watoto Kakamega Forest waone nyani.

Ja_Gem

Omera @Kijana_wa_Milimani, matofali ya bure ni kweli, sikupingi. Watu waliokuwa wanafundishwa ubatizo walikaa misheni miezi na miezi na asubuhi ilikuwa sala na mchana ilikuwa udongo, babu zetu hawakuficha hio. Lakini ukiishia hapo umewafanya wazee kuwa punda tu, na hawakuwa punda.

Shule ya Maseno ilianzishwa na Waanglikana wa CMS, shirika la wamisheni wa Uingereza, 1906, J.J. Willis, baadaye akawa askofu wa Uganda. Hao vijana walifundishwa kusoma ili wasome Biblia na wakawe makarani na walimu, sawa. Tarehe 23 Disemba 1921 hao hao wasomi wa misheni walikutana Lundha hapa Gem na mkutano mkubwa wa watu, mwenyekiti Jonathan Okwiri, wakataja kodi, kipande, kazi ya lazima na ardhi, na nchi kugeuzwa koloni 1920 bila kuulizwa. Ndio Piny Owacho hio, yaani nchi imesema, serikali ikashtuka. Shemasi mkuu wa Kavirondo, Owen, akaingilia akaigeuza kuwa chama cha walipa kodi 1923, na wazee wengine hadi leo wanasema aliipoza makali kimakusudi, mimi naona kuna ukweli. Lakini huyo huyo Owen aliandika magazetini kuhusu kazi ya kulazimishwa hadi masetla wakageuza cheo chake wakawa wanamwita shetani mkuu.

Kwa hivo mtu akisimama kwa kanisa la zamani Nyanza ama Western amesimama mahali watu walibebeshwa matofali na pia mahali walijifunzia kuandika barua ya kukataa kubebeshwa. Nyani wa msituni ni wazuri, nenda uwaone, lakini hawajaandika barua.

Kijana_wa_Milimani

😂😂 sawa mzee nimeskia. Bado naona parokia ingelipa yale matofali.

Wa_Langalanga

Asanteni sana, sikutarajia shule namna hii. Nimepigia senje simu jana (dada ya marehemu baba, ndiye amebaki na kumbukumbu) na ameleta habari mpya ya kunichanganya. Kuka jina la ubatizo ni Aloisi, hio sawa. Lakini senje anasema baba yake kuka, yaani mzee wa juu kabisa, alikuwa mtu wa Friends, wale wanaitwa Quaker, upande wa Kaimosi, na kuka alivuka akaenda kwa Wakatoliki akiwa kijana juu ya shule na mzee hakumsemesha muda mrefu. Kwa hivo kuka huenda alibatizwa mara ya kwanza Kaimosi? Nianzie huko?

Esther_wa_Kaimosi

Shalom ndugu. Usianzie Kaimosi kwa ajili ya ubatizo maana hutaupata, sisi Friends hatubatizi kwa maji. Hatuna kisima, hatuna bakuli, hatuna kitabu cha ubatizo, hakuna hata meza ya ushirika. Mtu kuwa mshiriki kwetu ni kukubaliwa na mkutano, na mkutano huandika kumbukumbu. Kwa hivo kama unamtafuta huyo mzee wa juu, cha kuuliza ni vitabu vya kumbukumbu za mikutano, na kuna mkutano wa mwezi na mkutano wa mwaka. Ule wa mwaka wa Afrika Mashariki ulipata kusimama wenyewe 1946, kabla ya hapo misheni iliendeshwa na Wamarekani.

Kufika bado ufike, ni karibu na njia yako ukipitia Kapsabet na Chavakali. Misheni ilianzishwa 1902 na vijana watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, yaani imetangulia Maseno, imetangulia Mumias na imetangulia Mukumu, na tunapenda kukumbusha majirani hivo. Watoto wakizoea makanisa ya Kikatoliki watashangaa, nyumba yetu ya ibada haina altare, haina sanamu, ni benchi na madirisha na mbele ni mahali pa kusimama msemaji. Na ukisoma kwa mtandao ati Friends hukaa kimya saa nzima, hao ni wa Uingereza. Sisi wa huku tunaimba hadi mabati yanaitika.

Omusomi_Shinyalu

Dada Esther amesema vizuri na hio inakurahisishia kazi @Wa_Langalanga. Kama kuka hakuwa amebatizwa popote, Wakatoliki walimwandika kama mtu mzima anayebatizwa mara ya kwanza, na kwa vitabu vya zamani watu wazima wanajulikana haraka, umri umekadiriwa na jina la baba halina jina la Kikristo. Angekuwa ametoka kwa Waanglikana ingekuwa hadithi ingine, enzi hizo mapadre walikuwa wanabatiza tena kwa sharti, yaani kama ule wa kwanza haukushika basi huu ushike, na kitabu kinasema hivo kwa Kilatini. Tafuta kwa kundi la watu wazima, mara nyingi walibatizwa wengi siku moja, mkesha wa Pasaka ama Krismasi, ukurasa mzima una tarehe moja.

Bint_Mumias

Asalaam aleikum, mimi ni Muislamu na sina kanisa, lakini mmetaja Mumias na hamjaifikia kwa hivo naingia. Ukitoka Kakamega mjini hadi kwetu ni lami na mashamba ya miwa, hata miwa yenyewe siku hizi imepungua. Misheni ya Wakatoliki iko hapo karibu na hospitali ya St. Mary's na hio utaonyeshwa na mtu yeyote wa boda, lakini kitu kinachofanya Mumias iwe na maana kwa historia ya kanisa kilitokea kabla misheni haijakuwepo kabisa.

Mji ulikuwa unaitwa Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga, Shiundu baba yake Mumia, watu wa misafara waliandika Sundu. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa inapumzikia hapa ikielekea Buganda, ndio maana Uislamu una mizizi hapa na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Sasa Oktoba 1885 akaja Askofu James Hannington wa Waanglikana, akitumia njia hii ya kupitia Umasaini, njia mwenye Kabaka, mfalme wa Buganda, hakutaka mgeni aje nayo. Aliacha sehemu kubwa ya msafara wake hapa Kwa Sundu pamoja na kasisi Mwafrika, William Jones, mtumwa aliyekombolewa akasomea uchungaji, yeye akatangulia na wapagazi wachache. Akashikwa Busoga na tarehe 29 Oktoba akauawa na wengi wa watu wake. Jones alingoja hapa hapa kwetu, habari zikafika kidogo kidogo, akarudisha waliobaki hadi Rabai pwani. Mifupa ya askofu ilikuja kukaa Mumias muda kabla ya kupelekwa Kampala na kuzikwa Namirembe mwishoni mwa 1892.

Kila mtu anakumbuka Hannington na mimi sina neno, ameuawa. Lakini mtu mwenye mimi ningewaambia watoto habari zake ni Jones, amekaa mji wa ugenini na msafara wa watu wasiojua kama watauawa, chakula ni cha kuomba kwa Nabongo, na njia ya kurudi ni ile ile ya Umasaini. Akawarudisha.

Mkija mpitie pia msikiti na kituo cha utamaduni cha Nabongo kule Matungu. Na mama akichoka kuna chai.

dereva_wa_Mau_Summit

Njia basi. Kutoka Nakuru uko na mbili, ya Kericho, Ahero, Kisumu halafu unapanda Kiboswa, Mbale, Chavakali, Khayega hadi Kakamega, ama ya Timboroa, Eldoret, Kapsabet. Mimi ningeenda na moja nirudi na ingine. Ya Kisumu inakupitisha Mukumu kabla ya Kakamega, misheni iko karibu na barabara kuu huhitaji kutafuta. Kericho simama dakika chache kwa katedrali ya Wakatoliki ya Moyo Mtakatifu, hio si ya zamani, imefunguliwa 2015, lakini ukitoka kwa ile paa ndefu ya vigae inayopanda na kilima halafu ukaingia matofali ya kwenu, watoto wataona tofauti bila wewe kueleza kitu.

Kuna mtu atakwambia upitie kale ka kanisa ka Waitaliano Mai Mahiu. Ni kazuri, wafungwa wa vita walikajenga 1942 wakitengeneza barabara ya bonde, ni kadogo kweli, misa ya watu wachache tu. Lakini ni upande wa Nairobi, iache ya siku ingine. Mvua ya mwezi wa nane Timboroa na ukungu usiende usiku.

Mama_Kwaya_Khayega

Nimesoma zote na hakuna aliyetaja siku, na siku ndio kila kitu. Jumatatu mapadre wengi hupumzika na ofisi zingine hufungwa. Jumamosi kuna harusi, kanisa limejaa maua ya plastiki na spika, hutaona ukuta. Mwezi wa nane tarehe 15 ni Kupalizwa Mbinguni Mama Maria, mkija siku hio mtapata misa kubwa na kwaya tatu lakini hakuna mtu wa kukufungulia kabati. Njooni Jumanne hadi Alhamisi, mfike misa ya asubuhi, mkae benchi ya nyuma na mama, misa ikiisha katekista yuko hapo hapo mlangoni na funguo hazijaondoka. Piga simu ofisini wiki moja mbele, mwambie katibu jina na miaka unayokadiria, akipata nafasi atakutafutia kabla ufike.

Usishangae akikataa kukupa kitabu ushike. Kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na parokia zimeanza kuwa makini, pembeni ya majina ya watu kumeandikwa mambo yao ya ndani. Atafunika mistari ingine na karatasi akuonyeshe wa kwenu tu, na picha upige ukiruhusiwa. Ukitaka kitu cha kuweka nyumbani omba cheti rasmi chenye muhuri. Ndani ya kanisa piga picha unavyotaka ila mtu akiwa anasali mbele ya tabernakulo weka simu mfukoni, na ile taa nyekundu ikiwaka mjue kuna nani.

Kiingilio hakuna. Lakini usitoke hivi hivi, mwambie katibu aandike nia ya misa ya kumwombea Aloisi, sadaka yake ni ndogo, halafu mama asikie jina likisomwa altareni na mahali alibatizwa. Nia zinaandikwa mapema lakini, siku mbili tatu kabla, sio unafika kengele inalia na kikaratasi mkononi unamkimbiza fadha hadi sakristia.